Rekodi za kinga ya mwili, na mwizi wa kumbukumbu zake

Kiungo kikubwa kuliko vyote mwilini ni ngozi. Kwa mtu mzima hufikia karibu meta 2 za mraba, na ikiwa nzima vijidudu vingi havipati pa kupenyea.

Ikipasuka, zamu inakuwa ya seli nyeupe ziitwazo nutrofili. Hizi ndizo nyingi zaidi kati ya seli nyeupe zote za damu, na pia ndizo zinazokufa upesi: uboho wa mifupa huzalisha takriban bilioni 100 kila siku, na maisha yake ni saa au siku chache tu. Mtazame mtoto aliyechomwa mwiba shambani. Kesho yake mguu umevimba na una joto, kisha unatunga usaha, ambao kwa sehemu kubwa ni mizoga ya nutrofili zilizomeza bakteria zikafa nazo. Baadaye anachechemea kwa mtoki, na bibi yake hahitaji kuambiwa kwamba kuna kidonda mguuni. Mtoki ni tezi ya kwenye kinena iliyofura kwa sababu seli za kinga zinazaliana humo kwa kasi kupambana na kilichoingia na ule mwiba.

Mbali na seli, mwili una kingamwili, yaani protini zinazonasa vijidudu. Iliyo kubwa kwa umbo ni IgM, yenye vipande vitano vilivyoungana. Inayotengenezwa kwa wingi zaidi kila siku ni IgA, na hiyo ndiyo iliyojaa kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza ya njano ambayo baadhi ya wazazi wapya bado huambiwa wayakamue na kuyamwaga. Yasimwagwe hata tone. Mtoto mchanga hana ulinzi mwingine wa namna hiyo kwa ajili ya utumbo wake.

Lakini kwangu rekodi kuu ni ya kumbukumbu ya kinga, yaani kumtambua adui iliyekwisha kupambana naye. Mwaka 1846 surua iliingia Visiwa vya Faroe, ambavyo havikuwa vimeiona tangu 1781. Kati ya wakazi wasiotimia 8,000, takriban 6,000 waliugua. Daktari Mdenmarki Peter Ludvig Panum akagundua kwamba wazee waliougua surua utotoni, miaka 65 nyuma, hawakuguswa. Rekodi hiyo nayo ilivunjwa. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walitangaza kuwa wamepima damu ya watu 32 waliozaliwa mwaka 1915 au kabla yake, na wote walikuwa bado na kingamwili dhidi ya homa ya mafua ya mwaka 1918. Karibu miaka 90!

Kumbukumbu hiyo ndiyo inayojengwa na chanjo bila mtu kuugua kwanza, na ndiyo iliyoangamiza ndui, ugonjwa pekee wa binadamu uliokwisha kufutwa duniani. Mgonjwa wa mwisho kuupata kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, mwaka 1977. Alipona, na baadaye akawa anahimiza wazazi wa nchi yake wachanje watoto dhidi ya polio hadi alipofariki mwaka 2013.

Adui mkubwa wa kumbukumbu hii ni surua yenyewe. Ni miongoni mwa magonjwa yanayoambukiza kupita yote: mgonjwa mmoja aweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Baya zaidi, inafuta yaliyokwisha kujifunzwa. Utafiti wa mwaka 2019 kwa watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa ulionyesha kuwa surua iliwapotezea kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Mtoto anapona surua, kisha anarudi kuwa mgeni kwa maradhi aliyokwisha kuyashinda.

Tanzania na Kenya hutoa chanjo ya surua mtoto akiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Hiyo ya pili ndiyo hurukwa zaidi, kwa kuwa mtoto ameshatembea na safari za kliniki zimepungua. Itoe kadi ya mwanao leo uiangalie, na kama dozi ya pili haijajazwa, mpeleke wiki hii.