Harmonika: anzia tundu la nne

Mwenye harmonika Lisekese, Masasi, ana mtaji ambao huenda hajauhesabu. Masasi imekuwa na misheni ya Waanglikana tangu 1876, na mtu aliyepita kwenye kwaya, awe wa dhehebu lolote, huwa ameshaonja do, re, mi. Sauti anazo kichwani. Kinachomsumbua ni mdomo na pumzi, na hapo ndipo mwalimu atumie muda wake.

Nunua harmonika ya matundu 10 yenye herufi C ubavuni. Kila tundu lina vibamba viwili vyembamba, kimoja hulia ukipuliza na kingine ukivuta pumzi. Mwanafunzi huanza tundu la kwanza kwa kuwa ndilo la kwanza, na hapo anapotea, maana upande ule wa chini fa na la hazipo. Zimeachwa makusudi ili ukivuta matundu kadhaa kwa pamoja sauti zipatane. Ngazi kamili iko katikati: tundu la 4 puliza ni do, vuta ni re; la 5 puliza ni mi, vuta ni fa; la 6 puliza ni so, vuta ni la. Kwenye la 7 mambo yanageuka: ti ni ya kuvuta, do ya juu ni ya kupuliza. Wengi hukwama hapo, kwa hiyo kwa sasa liache.

Mdomo uwe kama wa mtu anayepiga mluzi, ila harmonika iingie ndani kidogo ya midomo. Ukisikia sauti mbili, bana zaidi. Usinyonye. Vuta pumzi taratibu kutoka tumboni, kama unavyopumua siku zote. Kunyonya kwa nguvu hufanya sauti ikwame. Na usipige punde baada ya kutafuna korosho. Najua kwa mtu wa Masasi hilo ni agizo gumu, lakini chenga moja ikiingia kwenye kibamba, tundu linanyamaza. Sukutua kwanza, na ukimaliza kupiga gonga harmonika kwenye kiganja, matundu yakiangalia chini, mate yatoke.

Sasa zoezi: 5 puliza mara mbili, 6 puliza, 6 vuta, 6 puliza, kisha 5 puliza, 4 vuta, 4 puliza. Ni mi mi so la so, mi re do. Fa haimo, na nyimbo nyingi za kwetu huenda vizuri tu na sauti hizo tano.

Wimbo wa kwanza ninaoupendekeza ni "Jambo Bwana" wa Them Mushrooms wa Kenya, uliotoka 1982. Vifungu vyake ni vifupi, vinajirudia, na kila mtu anaujua. "Malaika" usubiri, sauti zake ndefu zitammaliza pumzi anayeanza. "Jambo Bwana" uimbe kwanza bila harmonika, ukipiga makofi, hadi mapigo yakae. Tafuta do yake kwa kuimba, iweke tundu la 4, halafu tafuta kifungu kimoja kimoja. Andika namba ya tundu, na mstari chini ya namba kila unapovuta. Usifukuzane na wimbo ulio kwenye simu: ikiwa bendi imerekodi kwa ufunguo mwingine, harmonika yako ya C haitapatana nayo, nawe utadhani umekosea.

Wakiwa wawili, mmoja apige wimbo, mwingine aupigie msingi kwa matundu ya 1 hadi 4 kwa pamoja. Akipuliza anapata do, mi na so. Akivuta anapata so, ti na re. Wimbo unapohamia kwenye msingi wa fa, mwenye msingi anyamaze tu, kwa sababu matundu hayo hayana cha kumpa hapo, kisha arudi wimbo unaporudi do.