Rimu ya Pikipiki: Rangi ya Unga au Rangi ya Kopo?

Katika kurasa hizi za Kiswahili tumezoea kusoma habari za safari na za michezo. Leo naomba ruhusa niwaeleze jambo la karakana, kwa kuwa limetupata nyumbani kwetu, na kwa kuwa najua wengi wenu huenda kazini kwa pikipiki, na baadhi yetu hapa tunalipiwa karo kwa fedha ya pikipiki.

Kaka yangu ni mwendeshaji wa bodaboda mjini Tororo. Pikipiki yake ni Bajaj Boxer yenye rimu za aloi, si zile za spoki za waya. Mwaka jana rimu ya mbele ilipindwa na shimo, naye akanunua nyingine kuukuu kwa fundi mmoja. Ilikuwa nyeusi, inang'aa hata unajiona uso. Fundi akamwambia, "Hii si rangi ya kopo. Ni rangi ya unga, imeokwa kwa moto, haitoki kamwe." Kaka akalipa mapato ya majuma matatu. Mimi nilikuwa likizoni, akaniita akasema, "Mdogo wangu, wewe unayesoma fizikia, nieleze: rangi huokwaje kama mkate?" Sikuweza kumjibu, nikaona haya. Niliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu, nikasoma vitabu, na likizo iliyofuata nikaenda kutazama kwa macho yangu.

Rangi ya kopo sote twaijua. Ni chembe za rangi pamoja na utomvu, vikiwa vimeyeyushwa katika thina. Thina ikiruka hewani, vile vingine hubaki vikakauka. Taabu yake ni kwamba haishiki vema juu ya alumini tupu, maana alumini ikiguswa na hewa hujivika mara moja ngozi nyembamba ya oksaidi. Kwa hiyo sharti rimu isuguliwe kwa msasa, ioshwe mafuta yote, ipakwe praima iliyofanywa kwa ajili ya alumini, ndipo ije rangi, na juu yake lakeri. Mafundi wengi huiruka praima, kwa kuwa mteja haioni. Baada ya miezi michache mawe ya moramu huibandua rangi, na majimaji ya breki yakiidondokea hulainika kama uji. Iko rangi bora zaidi, ile ya makopo mawili, ambayo huchanganywa na dawa ya kuigandisha. Lakini ukungu wake huharibu mapafu, na kitambaa cha kufunga puani hakisaidii kitu.

Rangi ya unga ni jambo jingine kabisa. Haina thina. Ni utomvu mkavu na rangi na dawa ya kugandisha, vimesagwa pamoja vikawa laini kama unga wa ngano. Mnakumbuka mwalimu alivyosugua kitana kwa nywele zake, kisha kikavuta vipande vya karatasi? Bunduki ya rangi ya unga ni kitana kile kile, ila yenyewe hutumia makumi ya maelfu ya volti, ingawa mkondo wake ni mdogo sana. Unga ukitoka bundukini huwa umetiwa umeme, na rimu imetundikwa kwenye kulabu iliyounganishwa na ardhi. Basi unga huirukia rimu na kuikumbatia, hata upande wa nyuma ambao bunduki haikuuelekea. Kisha rimu huingizwa katika tanuri ya nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi, ikakaa humo dakika 10 hadi 20 baada ya chuma chenyewe kupata moto huo. Unga huyeyuka kama nta, hutandaa, halafu molekuli zake hushikana kama wavu. Na ukiisha kushikana hauyeyuki tena hata ukiutia moto mara ya pili. Hiyo ndiyo tofauti yake na nta.

Maarifa haya si ya kale sana. Katika miaka ya 1950 Mjerumani Erwin Gemmer alikuwa akichovya vyuma vya moto ndani ya unga wa plastiki uliopulizwa hewa kutoka chini. Bunduki ya umeme ikafuata katika miaka ya 1960. Lakini ina udhaifu wake mmoja ambao Mwingereza Michael Faraday angaliweza kuueleza zamani, maana yeye alionyesha mwaka 1836 kwamba umeme hukaa nje ya kasha la chuma, hauingii ndani. Vivyo hivyo unga hausogei kwa hiari katika pembe za ndani. Tazama rimu iliyopakwa kwa haraka, pale mikono yake inapokutana na kitovu: utaona rangi ni nyembamba huko, na nene penye kingo.

Ukiniuliza ipi ni ngumu zaidi, nitasema ya unga, bila kusitasita. Unene wake ni mikroni 60 hadi 100, yaani karibu na unene wa unywele mmoja, na hustahimili mawe, petroli na majimaji ya breki kuliko rangi ya kopo ya kawaida. Ila ikipasuka mahali, maji hupenya chini yake, alumini ikaota vumbi jeupe, na huwezi kuitia kiraka ikapendeza. Sharti yote iondolewe na kazi ianze upya. Rangi ya kopo huweza kuikarabati mwenyewe Jumamosi jioni kwa brashi ndogo. Kama shauri lingekuwa hilo tu, makala yangu ingeishia hapa.

Shauri kubwa ni moto. Rimu ya aloi si alumini tupu. Kwa kawaida imetiwa silikoni kama asilimia 7 na magnesiamu kidogo sana. Nyingi hupewa nguvu kiwandani kwa moto uliopimwa: hupashwa mpaka nyuzi 540 hivi, huzamishwa katika maji, kisha huokwa kwa saa kadhaa kati ya nyuzi 150 na 180. Kuokwa huko kwa pili ndiko kunakoikaza. Kwa hiyo tanuri ya rangi ya unga inakaribia sana moto ambao rimu yenyewe iliumbwa nao. Dakika 20 kwa nyuzi 190 haziidhuru sana. Lakini ukizidisha moto, au ukiirudia mara nyingi, nguvu ile hupungua, na kwa nje hutaona lolote.

Nilipofika kwa fundi yule, nilimkuta akiondoa rangi kuukuu. Alikuwa ameilaza rimu juu ya makaa, mvukuto ukipuliza. Makaa yanayopulizwa hupita nyuzi 600 kwa urahisi, na aloi hii huanza kuyeyuka kabla ya hapo. Tanuri yake ilikuwa pipa la mafuta lililolazwa, lisilo na kipimajoto. Nilimwuliza kwa heshima moto wake una nyuzi ngapi. Akanijibu kwamba yeye hutambua kwa kutema mate. Sikucheka, maana alikuwa mtu mzima na alinikaribisha vizuri. Lakini moyo wangu ulikuwa barabarani pamoja na kaka.

Jioni ile nilimwomba kaka tuitazame rimu. Alikataa mara mbili. Alisema fedha imekwisha kutoka na mimi namtafutia hasara nyingine. Mara ya tatu shemeji akaingia kati, kwa kuwa ndiye anayepakiwa kila Jumapili pamoja na watoto wawili. Tukaivua, tukaiosha. Penye shina la mkono mmoja nikaona kijistari juu ya rangi, chembamba kama unywele. Kaka akasema ni mkwaruzo.

Basi tukafanya jaribio la zamani ambalo mafundi wa reli walilitumia kupima ekseli, nalo lagharimu karibu bure. Tukasugua rangi mahali pale mpaka alumini ikaonekana (kazi iliyotutoa jasho, maana ile rangi kweli ni ngumu). Tukaipaka mafuta ya taa, tukaiacha nusu saa, tukaipangusa ikawa kavu kabisa. Halafu nikapaka juu yake unga wa chaki uliokorogwa katika spiriti, ukakauka mweupe. Hatukungoja sana. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yakatoka polepole, yakachora mstari wenye unyevu kuuzunguka mkono wa rimu, karibu nusu ya mzunguko wake. Kaka alipiga magoti akautazama, asiseme neno. Alikuwa ameiendesha rimu ile miezi mitatu.

Siwezi kuapa kwamba makaa ndiyo yaliyoleta ufa. Huenda ulikuwapo tangu zamani, na rangi ikauficha. Lakini rangi nene yenye kung'aa ndiyo iliyomfanya mnunuzi asiuone.

Tulipopata rimu nyingine, tuliipima kwanza ikiwa tupu, kisha nikaipaka mwenyewe rangi ya kopo, praima kwanza. Si kwa sababu rangi ya kopo ni bora, bali kwa kuwa karibu nasi sikuona tanuri ya kuaminika. Ambaye yuko Kampala aweza kuwaendea wanaopaka madirisha ya alumini, wenye tanuri zenye vipimo. Hata hao awaulize maneno haya: rangi kuukuu mtaiondoaje? Wakijibu kwa moto, au kwa kostiki soda, achukue rimu yake aende, maana soda ile huila alumini yenyewe. Beringi na mipira ya ndani sharti zitolewe kabla ya kuoka, ama sivyo grisi itayeyuka. Matundu ya beringi, nyuzi za bolti na mahali pa kukalia diski ya breki pazibwe, unga usifike; rangi ikikaa chini ya diski hupondeka, na bolti hulegea. Tena rimu yafaa iokwe mara moja ikiwa tupu, hewa iliyo katika vitundu vya aloi itoke, kama sivyo itatoboa rangi ikiwa laini.

Kaka alitaka kuiuza rimu ya ufa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nikamwomba anipe, nikaja nayo shuleni juu ya basi. Sasa imetundikwa ukutani katika karakana, karibu na mashine ya kutobolea, na mstari juu ya chaki bado waonekana. Mzee yeyote atakayetutembelea na aulize ufunguo kwangu.