Wazazi wa Mtoto Mwenye Hali ya Down Wakutane

Huenda mtaani kwako yupo mtoto mwenye macho yaliyoinuka kidogo pembeni, uso wa bapa, na ulimi unaopenda kutoka nje. Shingo yake ilichelewa kukaza. Alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, akachelewa kusema. Majirani wanasema mengi. Mmoja anasema ni jini. Mwingine anasema mama yake alimcheka mlemavu alipokuwa na mimba. Wa tatu hasemi kitu, lakini huwaita watoto wake ndani wasicheze naye.

Mtoto huyo hakurogwa. Ana hali inayoitwa Down sindromu. Down ni jina la daktari wa Uingereza, John Langdon Down, aliyeandika habari za hali hiyo mwaka 1866. Jina hilo hutamkwa Dauni. Sisi hapa tutasema hali ya Down.

Je, hali hii inatoka wapi? Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Ndani ya kila chembe mna nyuzi ndogo zaidi, ambazo hubeba urithi wetu. Nyuzi hizo ni 46. Nusu hutoka kwa baba na nusu hutoka kwa mama. Ndiyo sababu mtoto huweza kuchukua pua ya baba na macho ya mama. Mwaka 1959 wataalamu wa Ufaransa, akiwamo daktari Jérôme Lejeune, walieleza kwamba watu wenye hali ya Down wana nyuzi 47. Nyuzi za namba 21, ambazo kwa kawaida ni mbili, kwao ni tatu.

Uzi huo wa ziada huingia wakati mimba inapotungwa, kabla mama hajajua kama ana mimba. Kwa hiyo hakuna chakula alichokula kikaleta hali hii. Hakuna maneno aliyosema. Hakuna dhambi ya baba wala ya babu. Mama mwenye umri mkubwa ana nafasi kubwa zaidi ya kumpata mtoto wa namba hii. Kwa mama wa miaka 25 ni mtoto mmoja katika 1,200 hivi, na kwa mama wa miaka 40 ni mmoja katika 100 hivi. Lakini wasichana pia huwazaa, tena wengi, maana wao ndio wanaozaa zaidi. Duniani kote, katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa, karibu mmoja huwa na hali hii.

Sasa ifikirie Makorora, hapa Tanga. Ni kata ya mjini yenye nyumba nyingi na watoto wengi. Si ajabu ziwepo familia kadhaa zenye mtoto wa namba hii. Lakini huyu anakaa karibu na soko, yule anakaa upande wa pili, na kila mama anadhani yuko peke yake. Mmoja amejifunza jambo ambalo mwenzake analihitaji leo hii, nao hawajuani.

Jambo lenyewe ni lipi? Kubwa kuliko yote ni moyo. Karibu nusu ya watoto wenye hali ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo, mara nyingi tundu. Tundu halionekani kwa nje. Mama huona tu kwamba mtoto ananyonya kidogo kisha anachoka, anatoka jasho kichwani, anapumua haraka, na haongezeki uzito. Kila mwezi ana kikohozi. Watu wa nyumbani husema, "Watoto hawa ndivyo walivyo, ni wadhaifu." Hapo ndipo mtoto anapopotea. Baadhi ya matundu hutakiwa kuzibwa katika miezi ya mwanzo. Familia ikichelewa sana, mishipa ya mapafu huharibika, na upasuaji huwa hauwezekani tena.

Basi mtoto mwenye hali ya Down apimwe moyo mapema, hata kama anaonekana mzima. Anzia Kituo cha Afya cha Makorora au Hospitali ya Bombo. Mwulize daktari waziwazi: "Je, moyo wa mwanangu umepimwa kwa picha?" Akionekana ana tundu linalohitaji kuzibwa, ataandikiwa barua ya kwenda mbali zaidi. Dar es Salaam iko Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, ambako watoto hupasuliwa moyo.

Mama aliyekwisha kwenda safari hiyo anajua mambo ambayo hayamo katika barua ya daktari. Anajua kupanga nauli, chakula na mahali pa kulala. Anajua ni nani wa kumwuliza ofisi ya ustawi wa jamii pesa zikipungua. Mama mwingine akimsikiliza kwa saa moja, safari yake itakuwa nyepesi.

Yako na mambo madogo ya kila siku. Mtoto huyu misuli yake ni laini, kwa hiyo kunyonya ni kazi. Mkalishe wima kidogo, mshike kidevu kwa kidole, mpe muda. Asinyonye haraka kama kaka yake, na usikate tamaa. Akiwa macho, mlaze kifudifudi juu ya mkeka kwa muda mfupi, nawe ukiwa karibu, ili shingo ipate nguvu. Masikio na macho yake yapimwe pia, maana mtoto asiyesikia vizuri huitwa mjinga bure. Akiwa mzito kupita kawaida, analala mno na ngozi yake imekauka, apimwe damu. Huenda tezi ya shingoni haifanyi kazi vizuri, nayo ina dawa ya vidonge.

Kujifunza anajifunza. Polepole, lakini anajifunza. Ukimfundisha kuvaa shati, funga vifungo vyote, kile cha mwisho umwachie yeye. Akikiweza, kesho mwachie viwili. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma. Huko Irente, Lushoto, ipo shule ya watoto wenye ulemavu wa akili. Lakini anza kwa kumwuliza mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu nawe. Wazazi watano wakienda pamoja kuuliza husikilizwa kuliko mmoja.

Wenzetu wamefanya hivyo kabla yetu. Uingereza, mwaka 1970, mwalimu mmoja aitwaye Rex Brinkworth, ambaye binti yake alikuwa na hali ya Down, alianzisha chama cha wazazi. Kenya, wazazi na marafiki wa watu wenye ulemavu wa akili waliunda chama chao mwaka 1971. Zanzibar walianza mwaka 1999. Hawakungoja mtu wa kuwaanzishia.

Kuanzisha si kazi kubwa. Mwulize muuguzi wa kliniki ya watoto awaambie wazazi wa namba hii kwamba unataka kukutana nao. Asitoe majina yao bila ruhusa. Wao wenyewe wakitaka watakuja. Mjulishe mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Tangazo lisomwe msikitini na kanisani. Wakija watatu, wanatosha. Waje na watoto wao, wasiwaache nyumbani wamefungiwa. Baba naye aje. Mama wengi wamelaumiwa kwa mtoto huyu, na wengine wameachwa. Baba akiyasikia mwenyewe habari za ule uzi wa 21, ugomvi wa nyumbani huweza kupungua.

Akina mama wa Tanga mchezo wa pesa mnaujua. Basi fanyeni hivyo hivyo, ila fungu moja liwekwe kando liwe la nauli ya hospitali. Halafu kubalianeni juu ya maneno. Katika mkutano asiitwe mtu zezeta wala taahira. Kila mtoto aitwe jina lake.

Liko swali ambalo wazazi huliogopa: nikifa, nani atamtunza? Zamani watoto hawa wengi walikufa wadogo. Siku hizi, katika nchi zenye matibabu mazuri, wengi hufika miaka 60 hivi. Kwa hiyo waiteni na kaka zake na dada zake mkutanoni, wazoee mapema. Mzungumze pia namna ya kumlinda binti, maana wapo watu wabaya wanaomfuata kwa sababu hawezi kujieleza.

Mwisho, wewe uliyejifunza kusoma na kuandika unaweza kuwa katibu. Nunua daftari moja. Chora mistari minne kwenda chini, upate nafasi tano. Ya kwanza andika jina la mtoto. Ya pili, tarehe ya kuzaliwa. Ya tatu, moyo umepimwa lini. Ya nne, masikio na macho. Ya tano, siku ya kurudi kliniki. Kila mkutano ukianza, soma kwa sauti nafasi zilizo wazi, na muulizane ni nani atamsindikiza mama huyo Bombo wiki hii.