Robo saa ya San Antonio

Askari wa zamu ya usiku hana muda wa kutafakari ampeleke wapi kijana anayepiga kelele barabarani. Hapa San Antonio, Texas, kabla ya 2008 alikuwa na njia mbili. Ya kwanza hospitali: amtie pingu, akae naye chumba cha dharura wakimngoja daktari, saa 12, pengine 14, na huku redio inamwita kwingine. Ya pili mahabusu ya kaunti: aandike kosa dogo, fujo au kuingia kwa mtu bila ruhusa, amkabidhi, arudi kazini. Mahabusu ingeachaje kufurika wagonjwa wa akili? Wengi wetu tunaowalaumu polisi tungefanya vilevile.

Mimi ni mtu wa Kasulu, Kigoma. Kazi yangu hapa ni ukalimani, na wateja wangu wengi ni Wakongo waliokuja kupitia kambi ya Nyarugusu, iliyo wilayani kwetu. Shuleni, zahanati, ofisi za nyumba, mahakamani, mimi hukaa katikati. Ni mahakamani nilikoanza kuwaona watu walewale wakirudi kwa makosa yaleyale, hadi karani anawajua kwa sura.

Miaka ya mwanzo ya 2000, Leon Evans, aliyekuwa akiongoza shirika la umma la afya ya akili la kaunti hii ya Bexar, aliwakalisha meza moja watu waliozoea kulaumiana: polisi wa jiji, sherifu, majaji, hospitali, wasimamizi wa kaunti. Kila mmoja alikuja na bajeti yake. Walipoziweka pamoja waliona wote wanamlipia mtu yuleyule. Leo yuko mahabusu, kesho chumba cha dharura, keshokutwa chini ya daraja, na kila alipopita ameacha bili. Ukitaka kuona ukubwa wa jambo lenyewe, tazama Miami, ambako mwaka 2000 Jaji Steven Leifman alianzisha mpango wa kuwapeleka wagonjwa wa akili kwenye matibabu badala ya mahabusu. Watafiti waliwafuatilia wagonjwa 97, wakakuta katika miaka mitano walikamatwa karibu mara 2,200 na kukaa mahabusu siku 27,000. Watu 97! Hawajazi hata mabasi mawili ya kwenda Dodoma.

Wa San Antonio walichanga fedha, mwaka 2008 wakafungua Restoration Center. Kuna pa kulevuka, pa kuwasaidia wanaoacha dawa za kulevya, na pa wagonjwa wa akili waliozidiwa, saa 24. Watu husifia vitanda. Mimi nasifia kitu kingine: askari anamkabidhi mtu na kuondoka ndani ya robo saa. Mafunzo ya askari nayo yapo, saa 40, mtindo ulioanzia Memphis mwaka 1988 baada ya polisi kumuua kwa risasi kijana mgonjwa mwaka uliotangulia. Lakini mfundishe askari utakavyo, kama hana pa kumpeleka mtu atarudi naye kulekule mahabusu, ila safari hii kwa upole.

Nimewaona askari hao kazini. Mama mmoja wa Kikongo, jirani, alinipigia simu usiku: mwanawe amejifungia bafuni na kisu cha jikoni, anasema runinga inamtaja jina. Nilipofika nilikuta watu wawili wa kikosi cha afya ya akili cha polisi, wamevaa suruali za jinzi, gari lao halina maandishi. Mama akanishika mkono wa shati. "Umwambie asifunge mtoto yangu." Nikamwambia. Askari akaketi sakafuni ukumbini, mgongo ukutani, akapunguza redio mpaka ikanyamaza, akauliza kupitia kwangu na kupitia mlango: umekula leo? Kimya. Mara ya mwisho umelala lini? Hapo kijana alijibu kwa Kiingereza chake mwenyewe, wala hakunihitaji. Waliongea karibu saa nzima, zaidi habari za mpira, na mimi nikabaki kumtafsiria mama. Mlango ulipofunguka, kisu kilikuwa ndani ya sinki.

Sheria ya Texas inamruhusu askari kumpeleka mtu kama huyo akachunguzwe bila hati ya hakimu, ila bila amri ya mahakama hawezi kuzuiliwa zaidi ya saa 48. Shtaka halikuwepo. Mama aliniuliza tena na tena kama ni kweli. Alikuwa anangoja kuambiwa dhamana ni kiasi gani. Kwa mkimbizi hilo ni kubwa, maana rekodi ya jinai humfuata mtu mpaka kwenye maombi ya uraia.

Sipambi. Juni 2023 askari wa jiji hilihili walimuua kwa risasi mwanamke mgonjwa wa akili akiwa ndani ya nyumba yake, na wakati huo jiji lilishakuwa, tangu 2022, na timu ya askari, mhudumu wa gari la wagonjwa na mtaalamu wa afya ya akili. Na wagonjwa wenye mashtaka mazito bado hukaa mahabusu miezi mingi wakingoja kitanda cha hospitali ya jimbo.

Ndugu zangu Kasulu huniuliza kama haya yanawezekana kwetu. Wanawaza jengo na dola. Mimi nawauliza: akikamatwa mtu sokoni saa nane usiku, mgambo anampeleka wapi? Kituo cha polisi kiko wazi. Hospitali ya wilaya nayo iko wazi, lakini nani amemwambia muuguzi wa zamu kwamba ni lazima ampokee? Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, iko mbali, Dodoma. Kumkalisha mkuu wa kituo, mganga mfawidhi na mtendaji wa kata chumba kimoja hakuhitaji mfadhili.

"Kaka," mdogo wangu aliniambia kwenye simu, "muuguzi atasema dawa hakuna."

Huenda kweli hakuna. Basi siku ya kikao mwiteni na mweka hazina wa halmashauri.