Lugha Ipi Baada ya Kiingereza?

Miongoni mwa maswali ambayo wanafunzi wa theologia kutoka Iringa na Mbeya huwauliza walimu wao, liko hili: baada ya Kiswahili na Kiingereza, na baada ya Kigiriki na Kiebrania vya darasani, ni lugha gani ya kigeni itakayomfaa mtu katika kazi yake? (Mhehe au Mnyakyusa anayeuliza hivyo tayari ana lugha ya mama, kwa hiyo kwa kweli anatafuta lugha ya sita.) Hatuoni aibu katika swali hilo. Mtumishi naye ana kazi, na kazi ina mahitaji yake: masomo ya juu, ualimu wa chuo, uandishi wa historia ya dayosisi, uwakilishi katika mikutano ya nje. Ila jibu hutolewa mara nyingi kwa kutazama ramani au gazeti, na kazi yenyewe husahauliwa.

Tuanze na Kifaransa, maana ndicho kinachotajwa kwanza. Husemwa kwamba barabara kuu ya Zambia hupita Mbeya na Tunduma, na kwamba malori mengi yapitayo hapo huenda Kongo. Ni kweli. Lakini dereva wa Lubumbashi azungumzapo na mchungaji wa Tunduma, huzungumza Kiswahili, naye huenda akakizungumza kwa furaha kuliko Kifaransa. Faida ya Kifaransa iko mahali pengine. Shirikisho la Kilutheri Duniani, lenye makao yake Geneva, hutumia Kiingereza, Kijerumani, Kifaransa na Kihispania. Walutheri wa Madagaska na Kameruni hukutumia Kifaransa katika mambo mengi. Na Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Anayetazamia kazi ya mahusiano ya makanisa ya Afrika atakuwa amechagua vema. Mchungaji wa usharika hakihitaji kwa ajili ya dereva.

Kichina nacho kina watetezi, hasa kwa kuwa reli ya TAZARA, iliyojengwa na Wachina kati ya 1970 na 1975, hupita Makambako na Mbeya. Kijana anayetaka kazi ya biashara na asome. Kwa mwanatheologia faida yake ni ndogo. Kiswidi na Kifini vilisikika sana katika misheni zetu baada ya vita ya pili ya dunia, lakini wageni hao wenyewe hutumia Kiingereza au Kiswahili wakiwa nasi.

Kinabaki Kijerumani, na hapa tunaomba subira ya msomaji, kwa maana maoni yetu yanaegemea upande huu. Mwaka 1891 Wamoravian walifika Rungwe, na mwaka huohuo Misheni ya Berlin ikaanza kazi Unyakyusa, kisha ikaenea Ubena na Uhehe. Kijiji cha Pommern, katika Iringa, kingali na jina la jimbo la Ujerumani. Wamisionari hao waliandika sana: shajara za vituo, taarifa za mwaka, barua, maelezo juu ya watu waliobatizwa na waliokataa kubatizwa. Sehemu kubwa ya maandishi hayo imehifadhiwa Berlin na Herrnhut. Marcia Wright aliyasoma, na mwaka 1971 kitabu chake juu ya misheni za Kijerumani katika Tanganyika kikatoka kwa Kiingereza. Tunamshukuru. Lakini tangu hapo wengi wetu tumesoma habari za babu zetu kwa jicho lake, tukinukuu alichochagua kunukuu. Babu aliyekuwa mwinjilisti, ambaye jina lake limo katika shajara na halimo katika kitabu chochote, hana wa kumtafuta.

Jambo hili halihusu historia ya Kanisa peke yake. Fuvu la Mtwa Mkwawa lilitajwa katika kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919, likarudi Kalenga mwaka 1954. Mwaka 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha akiwa Songea. Mazungumzo juu ya mabaki ya watu wetu yaliyomo katika makumbusho ya Ujerumani yanaendelea, na orodha za zamani zinazoyataja ziko kwa Kijerumani. Jamaa za marehemu wakimwendea mchungaji wao kuuliza barua au orodha inasema nini, je, atawajibu kwa kutegemea tafsiri ya upande mmoja?

Lugha yenyewe ni ngumu kiasi. Hata hivyo aliyesoma Kigiriki amekwisha kukutana na jinsi tatu za nomino na na mabadiliko ya neno kwa kadiri ya nafasi yake katika sentensi. Kijerumani kina hali nne za namna hiyo. Msemaji wa Kiswahili amezoea ngeli, tofauti ni kwamba ngeli hujitangaza mwanzoni mwa neno, na jinsi ya Kijerumani mara nyingi haina alama, hivyo hukaririwa pamoja na kila nomino. Maneno kama shule na hela yatamkumbusha kwamba si mgeni kabisa.

Anayelenga shahada ya udaktari katika chuo kikuu cha Ujerumani aulize mapema masharti ya kitivo, kwani vitivo vingi vya theologia hudai pia Kilatini, na mtihani wa lugha wa kuingilia chuo kikuu ni wa kiwango cha juu. Asiyetazamia kwenda huko aanze na kusoma tu, asijisumbue kwanza na kuzungumza. Saa moja kila siku kwa miaka miwili itamfikisha kwenye vitabu vilivyopigwa chapa.

Maandishi ya mkono ni jambo jingine. Shajara nyingi ziliandikwa kwa hati ya zamani ambayo shule za Ujerumani ziliacha kuifundisha mwaka 1941, na Wajerumani wengi wa leo hawawezi kuisoma. Ajuaye lugha hujifunza herufi hizo kwa majuma machache. Ukurasa wa kwanza huenda ukamchukua siku nzima.