Kigugumizi: Hofu huzidi kuufunga ulimi

Ndugu msomaji, katika safu yetu leo tutazungumzia kigugumizi, tatizo ambalo familia nyingi hazilihesabu kuwa ni suala la afya mpaka siku mtoto anapogoma kwenda madrasa.

Hali yenyewe wengi tumeiona. Watoto thelathini wanasoma Suratudh-Dhuha kwa sauti moja, naye yumo, sauti yake ikitoka safi. Kisha ustadhi anamtaka asome peke yake. Shingo inakaza, macho yanapepesa, herufi ya kwanza haitoki. Wenzake wanacheka. Ustadhi, ambaye sasa hivi tu amemsikia akisoma vizuri, anaamua kuwa mtoto hakuhifadhi au anafanya makusudi, na fimbo inafuata.

Ustadhi huyo amekosea. Mwenye kigugumizi anaposoma pamoja na wengine, anapoimba kaswida au anapojisemea peke yake chumbani, mara nyingi hakwami kabisa. Wataalamu wa matamshi wanalijua jambo hili kwa miaka mingi. Kusoma vizuri ndani ya kundi na kukwama ukiwa peke yako mbele ya watu ni sehemu ya tatizo lenyewe, wala si ushahidi wa utundu.

Kigugumizi ni kurudiarudia sauti ya neno, kuivuta, au kukwama kabisa ilhali mtu anajua vyema anachotaka kusema. Tusikichanganye na kitembe, ambacho ni kutamka herufi visivyo. Kwa kawaida huanza mtoto akiwa na umri wa miaka 2 hadi 5. Takriban mtoto 1 katika kila 20 hupitia hali hii, na wengi wao, yapata robo tatu, hupona wanapokua. Kwa watu wazima wanaobaki nacho ni kama 1 katika kila 100, wanaume wakiwa wengi kuliko wanawake. Mara nyingi hurithiwa katika ukoo, na kinahusu namna ubongo unavyoratibu misuli ya usemi. Hakiletwi na kumtekenya mtoto wala kumuiga mwenye nacho. Na wale wanaowapeleka watoto wao kukatwa kimeo au uzi ulio chini ya ulimi ili waseme sawasawa, wanawatafutia kutoka damu na maambukizo bure. Wazungu nao walipita njia hiyo: mwaka 1841 daktari wa upasuaji wa Berlin, Johann Friedrich Dieffenbach, alikuwa akikata sehemu ya ulimi wa wagonjwa kwa matumaini hayo hayo. Tiba hiyo iliachwa.

Sasa hofu inaingia wapi? Hofu haileti kigugumizi, lakini hukikuza. Mtu aliyewahi kukwama na kuchekwa huanza kukwama moyoni kabla hajafungua kinywa. Anaiona herufi inakuja, anabana pumzi, koo linakaza, na ule mkazo wenyewe unalizuia neno. Aibu inayofuata inamwongezea hofu ya neno lijalo. Hivyo anaanza kukwepa. Nawajua watu wazima wanaopitishwa kituo kwenye daladala kwa sababu neno "shusha" halitoki, kisha wanarudi kwa miguu. Wengine hubadilisha maneno: akiona "baba" litamkwamisha, anasema "mzee". Joseph Sheehan, mtaalamu wa Marekani ambaye mwenyewe alikuwa na kigugumizi, alilifananisha tatizo hili na jabali la barafu linaloelea baharini. Kinachosikika na watu ni kile kipande kidogo cha juu, na chini ya maji kuna hofu, aibu na kujificha.

Kuna maneno mawili ambayo hayabadilishiki. La kwanza ni jina lako. La pili ni la Qur'an, kwa sababu huwezi kuweka neno lingine mahali pa neno la Allah. Ndiyo maana kujitambulisha na kusoma msahafu mbele za watu ni mitihani mikubwa kwa watu hawa, na ndiyo maana madrasa inaweza kuwa mahali ambapo mtoto anafunguka au anafungika moja kwa moja.

Ukitaka kujua maneno ya mkubwa yanaweza kufanya nini, tazama yaliyotokea katika jimbo la Iowa, Marekani, mwaka 1939. Chini ya usimamizi wa Wendell Johnson wa chuo kikuu cha huko, watoto yatima 22 walitumiwa katika jaribio. Baadhi yao, waliokuwa wakizungumza vizuri kabisa, waliambiwa kuwa wana dalili za kigugumizi na wakawa wanakosolewa kila wanapoteleza. Jaribio halikuwafanya kuwa wenye kigugumizi. Lakini baadhi yao walianza kukwepa kuzungumza, wakajitenga. Chuo kiliomba radhi mwaka 2001, na mwaka 2007 jimbo likakubali kulipa dola 925,000 kwa sita kati yao, wengine wakiwakilishwa na warithi wao. Hao walikuwa hawana tatizo la asili. Fikiria basi yule aliye nalo, akikosolewa nyumbani, shuleni na madrasa.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaomwambia mgonjwa, "Jiamini tu, kitaisha." Kauli hiyo inampa mzigo wa pili: sasa ana kigugumizi na pia ana lawama kuwa imani yake ni ndogo. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2008 uliangalia watu wazima waliopewa tiba ya kurekebisha fikra na hofu zao. Idadi ya mikwamo haikupungua kwa sababu ya tiba hiyo, lakini wasiwasi ulipungua na wakaacha kuyakwepa mazungumzo waliyokuwa wakiyakimbia. Kwa anayeshindwa kumwita konda, hilo si jambo dogo.

Tutazame na dua ya Nabii Musa (a.s.) katika Suratu Taha, alipotumwa kwa Firauni. Jambo la kwanza aliloliomba ni kukunjuliwa kifua. Kisha akaomba kufanyiwa wepesi, na baada ya hapo ndipo akaomba fundo la ulimi wake lifunguliwe ili watu wamfahamu. Ibn Kathir anaeleza kwamba hakuomba kuondolewa uzito wote, bali kiasi cha kueleweka. Na katika Suratu Zukhruf tunamkuta Firauni akimkejeli kuwa hawezi kujieleza vizuri. Kejeli ilikuwepo, na ujumbe ukafika.

Mtu mzima mwenye tatizo hili aanze kwa kuacha kujificha. Mwambie unayezungumza naye: "Nina kigugumizi, nivumilie kidogo." Sentensi hiyo huondoa sehemu kubwa ya mkazo. Ukikwama usilisukume neno kwa nguvu. Legeza midomo na koo, litoe polepole hata kama litajirudia. Charles Van Riper, mwalimu mkubwa wa tiba hii ambaye naye alikuwa na kigugumizi, aliwafundisha wagonjwa wake hata kukwama kwa makusudi, kwa upole, mpaka kitisho cha kukwama kikaisha. Panda ngazi kidogo kidogo: leo muulize bei muuza duka unayemzoea, wiki ijayo piga simu uliyokuwa ukiikwepa. Tiba hii inataka miezi, na hakuna kidonge kilichothibitishwa kukiponya, kwa hiyo mjihadhari na wauza dawa.

Wazazi wengi humwambia mtoto "vuta pumzi", "anza upya", "sema taratibu". Wanakusudia wema, lakini mtoto anachosikia ni kwamba amekosea tena. Punguza wewe kasi ya kuzungumza. Msubiri amalize, usimmalizie neno, mtazame usoni bila kuonyesha huruma wala haraka. Dakika tano kila siku za kuzungumza naye peke yake, simu ikiwa mbali, zina faida. Akichekwa na ndugu zake, wakemewe wao.

Kwa maustadhi: muulize mtoto faraghani anapenda kusoma vipi. Mwanzo asome na mwenzake mmoja, kisha mwenzake ashushe sauti, hatimaye asome mwenyewe. Asirukwe zamu yake kimyakimya kana kwamba hayupo. Aelezwe pia ile hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba anayeisoma Qur'an kwa taabu ana ujira mara mbili. Katika mapokezi ya Muslim neno lililotumika lina maana ya kukwamakwama.

Wengine huogopa kuwa swala zao hazisihi kwa sababu herufi za Alhamdu hujirudia. Imamu Nawawi katika Minhaj amemtaja imamu anayerudia herufi ya taa au faa, na hukumu aliyoiweka ni kuwa kumfuata ni makuruhu. Haikuwa kubatilika kwa swala. Mwenye wasiwasi zaidi amuulize shekhe wake. Na bwana harusi anayeogopa kukwama kwenye "nimekubali" amwambie shekhe kabla ya siku ya ndoa, ili asiharakishwe mbele ya watu.

Wataalamu wa tiba ya matamshi ni wachache kwetu, na wengi wako mijini. Hata hivyo, mpeleke mtoto kituo cha afya uombe rufaa kama kigugumizi kimedumu zaidi ya miezi 6, kama katika ukoo wapo watu wazima wenye nacho, au kama ameanza kukaza uso na kukataa kuzungumza. Na mtu mzima ambaye hakuwahi kuwa nacho kikimwanza ghafla, hasa mdomo ukipinda au mkono mmoja ukilegea, au akiwa ameumia kichwa, afikishwe hospitali saa hiyo hiyo, kwani huenda ni kiharusi.