Bweni, Ng'ambo ya Pangani

Bweni ni kijiji kidogo cha ukingo wa kusini wa mto Pangani, pale mto unapoingia Bahari ya Hindi. Mbele yake, ng'ambo, upo mji wa Pangani. Mto wenyewe hulishwa na maji ya Kilimanjaro na Meru, yanayokutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Tangu huko milimani hadi baharini ni mwendo wa karibu kilomita 500.

Katika karne ya 19 Pangani ilikuwa bandari ya misafara ya pembe za ndovu, na kando ya mto watumwa walilimishwa miwa. Agosti 1888, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipotaka kutwaa mji, wenyeji walimkatalia mwakilishi wake, Emil von Zelewski, waliyempa jina la Nyundo. Kiongozi wa upinzani, Abushiri bin Salim, alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Historia hiyo husimuliwa sana upande wa mjini. Upande wa Bweni una yake, nayo iligusa nchi nzima. Katika mashamba ya Kikogwe, kusini mwa mto, ndiko mkonge ulikoanzia mwaka 1893. Mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ilipita Hamburg, na safari ikaiua karibu yote: ilifika hai 62 tu. Kutokana na hiyo 62 mashamba yalienea hadi Tanga, Korogwe na Morogoro, na kufikia miaka ya 1960 Tanganyika iliongoza duniani kwa mkonge, ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Watu walitoka mbali kuja kuukata, na wengi hawakurudi kwao. Vizazi vyao ni wenyeji wa pwani hii leo.

Mto nao una kazi nyingine huko juu, ambako maji yake huzungusha mitambo ya umeme ya Nyumba ya Mungu, Hale na Maporomoko ya Pangani. Maji yanayobaki yakipungua, ya chumvi hupanda kutoka baharini wakati wa bamvua, na mkulima wa kando ya mto ndiye anayeumia kwanza.

Kwa vizazi vingi, aliyetoka Bweni kwenda sokoni, hospitali au Tanga alivuka kwa mashua, baadaye kwa kivuko cha magari, na kivuko kilipoharibika safari ilisimama. Ndiyo maana barabara mpya ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo ilipangiwa daraja la kuvuka mto huu.